Saa za Kale za Mezani kutoka Paris: Mwongozo Kamili wa Kuzitambua, Kuzisimika na Kuzitunza

Mtu anapowekewa mbele yake saa ya kale ya mezani iliyopambwa kwa sanamu za dhahabu, macho yake huenda moja kwa moja kwenye sanamu, kwenye mashada ya maua na kwenye uso mweupe wenye namba za Kirumi. Muuzaji naye hupenda iwe hivyo, kwa kuwa mbele ndiko uliko uzuri, na ndiko udanganyifu hufichika kwa urahisi zaidi. Mwongozo huu unashikilia jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho: igeuze saa kabla hujaisifu. Umri wake, kiwanda kilichoitengeneza, matengenezo iliyopitia na mara nyingi hata sababu ya kusimama kwake vimeandikwa mgongoni, kwenye bamba la mtambo, mahali ambapo wanunuzi wengi hawaangalii kabisa.

Saa zinazozungumziwa hapa ni zile zilizotengenezwa Ufaransa, hasa Paris, katika karne ya 19, ambazo huko kwao ziliwekwa juu ya rafu ya meko ya kuotea moto sebuleni. Nimezichagua kwa sababu ndizo zilizosambaa zaidi duniani, na kwa sababu mtambo wake, ulio wa duara na wenye kamani mbili (yaani tepe za chuma zilizoviringwa ambazo zikikazwa kwa ufunguo huiendesha saa), haukubadilika sana kwa muda wa takribani miaka mia moja, kiasi kwamba anayeielewa moja anazielewa karibu zote. Pwani yetu nayo si ngeni kwa saa za Ulaya. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said wa Zanzibar, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza jinsi vyumba vya wakubwa wa Unguja vilivyojaa vioo vikubwa na saa za kila namna, nyumba moja ikiwa na saa nyingi kwa pamoja. Kwa hiyo si ajabu saa ya aina hii kuonekana leo katika nyumba ya urithi au katika duka la vitu vya kale, ikiwa imesimama na haina ufunguo.

Kwanza kabisa: kuibeba bila kuivunja

Madhara mengi hutokea katika dakika za mwanzo, saa inapohamishwa kutoka meza moja hadi nyingine. Saa ya bronzi au marumaru ni nzito kuliko inavyodhaniwa, na sanamu iliyo juu yake mara nyingi imeshikiliwa na nati moja tu kutoka chini. Usiishike kwa sanamu wala kwa vishikio vya pembeni, ambavyo ni mapambo tu. Ishike chini ya kitako kwa mikono miwili.

Kabla ya kuinyanyua, fungua kifuniko cha nyuma na uondoe pendulamu, yaani kile kijiti chenye bamba zito la duara kinachoning'inia na kuyumba. Katika saa nyingi za Paris pendulamu imeangikwa kwa kulabu ndogo: ishike kwa vidole viwili, inyanyue kidogo, kisha ivute kuelekea kwako. Saa ikibebwa na pendulamu ndani yake, utepe mwembamba wa chuma unaoishikilia hupinda au hukatika, na kengele nayo huweza kugongwa hadi ikapasuka.

Kuna aina moja inayotaka tahadhari ya pekee. Ni saa za vioo vinne, zenye fremu ya shaba na kioo kila upande, ambazo pendulamu yake mara nyingi hubeba vichupa viwili vya kioo vyenye maji mazito ya rangi ya fedha. Hiyo ni zebaki halisi, iliyowekwa ili kufidia athari za joto kwenye urefu wa pendulamu. Mvuke wa zebaki ni sumu. Vichupa vikiwa na ufa, funga kila kimoja ndani ya mfuko wa plastiki uliokazwa, kisha tafuta fundi anayejua kuishughulikia. Usijaribu kuikusanya kwa ufagio wala kwa mashine ya kufyonza vumbi. Saa ya namna hiyo isisafirishwe kwa ndege ikiwa na zebaki yake.

Kuusoma mgongo wa saa

Tafuta tochi, kioo cha kukuzia na karatasi ya kuandikia. Ondoa kengele ikiwa inakuzuia kuona. Imefungwa kwa nati moja katikati. Sasa utaona bamba la shaba la duara, na juu yake mambo manne ya kusoma.

La kwanza ni muhuri. Mtengenezaji wa saa wa Paris kwa kawaida hakuanza kazi na shaba tupu. Alinunua mtambo ghafi kutoka kiwandani, akaumaliza, kisha akaufunga ndani ya ganda lililotengenezwa na mafundi wa bronzi. Kiwanda maarufu kuliko vyote kilikuwa cha Japy Frères, huko Beaucourt mashariki mwa Ufaransa, na mingine utakayokutana nayo mara kwa mara ni S. Marti na Vincenti. Viwanda hivi viligonga jina lao ndani ya duara dogo pamoja na medali zilizopatikana kwenye maonyesho, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Mwaka ulio kwenye medali ni mwaka wa maonyesho, si mwaka wa kutengenezwa kwa saa. Muhuri wa Vincenti wenye medali ya fedha ya 1855 unakuambia tu kwamba mtambo si wa kabla ya hapo. Huenda ulitoka kiwandani miaka ishirini baadaye. Muhuri wa Marti wenye medali ya 1900 vivyo hivyo hauwezi kuwa ndani ya saa ya enzi ya Napoleon, mwanzoni mwa karne ya 19, hata muuzaji akiapa.

La pili ni namba. Kwa kawaida kuna namba ndefu, ambayo ni ya mfululizo, na chini yake tarakimu mbili zilizotengana, kwa mfano 4 na 6. Hizo mbili ni urefu wa pendulamu kwa vipimo vya zamani vya Paris: inchi nne na mistari sita, ambapo inchi moja ya Paris ni milimita 27.07 na mstari mmoja ni sehemu ya kumi na mbili ya inchi hiyo. Ukipiga hesabu utapata takribani milimita 122. Hazina kama hii haifai kupuuzwa, kwa sababu pendulamu ndiyo inayopotea zaidi katika saa hizi, na fundi anayetaka kutengeneza mbadala hahitaji kubahatisha. Ikiwa pendulamu ipo, tazama nyuma ya bamba lake: mara nyingi utakuta namba ileile ya mfululizo imegongwa, na namba zikilingana una uhakika kwamba viwili hivyo vimekuwa pamoja tangu mwanzo.

La tatu ni namna pendulamu ilivyoangikwa. Katika saa za mwanzo wa karne ya 19 pendulamu iliangikwa kwa uzi wa hariri uliofanya kitanzi, na mwendo ulirekebishwa kwa kuufupisha au kuurefusha uzi huo. Kuanzia miaka ya 1840 ulienea mfumo wa Brocot, uliopewa jina la familia ya watengenezaji saa wa Paris, ambapo pendulamu huning'inia kwenye utepe mfupi wa chuma, na kichuma kidogo hupanda na kushuka juu ya utepe huo pale unapozungusha ufunguo mwembamba kwenye tundu dogo lililo mbele, juu ya namba XII. Kwa hiyo ganda la mtindo wa enzi ya Napoleon wa Kwanza likiwa na mfumo wa Brocot, mambo mawili yanawezekana: ama saa nzima ilitengenezwa baadaye kwa kuiga mtindo wa zamani, ama uzi wa hariri uliondolewa na fundi fulani. Ukiona matundu matupu ya skrubu karibu na sehemu ya juu ya bamba, dalili inaelekea kwenye jambo la pili, na marekebisho hayo yalikuwa ya kawaida kabisa. Hayaifanyi saa kuwa ya bandia.

La nne ni gurudumu la kuhesabia mlio. Saa za Paris hugonga idadi ya saa inapotimia, na pigo moja kwenye nusu, jumla mapigo 90 kwa kila saa kumi na mbili. Hadi takribani miaka ya 1880 mitambo mingi ilihesabu mapigo hayo kwa gurudumu lenye mapengo, ambalo unaliona waziwazi likiwa nje ya bamba la nyuma. Baadaye ulizoeleka mfumo mwingine, uliofichika chini ya uso wa saa, ambao hujirekebisha wenyewe. Tofauti hii itakuhusu tena utakapofika kwenye kupanga saa.

Ongeza na hili: maneno ya Kiingereza yanayotaja nchi ya utengenezaji huashiria saa ya miaka ya mwisho ya karne ya 19 au baada yake, kwa kuwa sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 iliamuru bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka. Nawe ukikuta bamba lenye jina la Franz Hermle, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1922, basi hiyo ni saa ya karne ya 20, hata kama ganda lake limejaa malaika wa dhahabu. Inaweza kuwa saa nzuri na ya kutegemewa, lakini haistahili bei ya saa ya kale.

Kulipima ganda

Baada ya mtambo, rudi mbele. Swali la kwanza ni iwapo ganda ni la bronzi au la zinki. Kuanzia katikati ya karne ya 19 viwanda vilianza kumimina sanamu kwa aloi ya zinki, ambayo ni rahisi na huyeyuka kwa joto dogo, kisha vikazipaka rangi ya bronzi au kuzichovya kwenye dhahabu nyembamba. Geuza sanamu uangalie ndani yake, mahali pasipoonekana, ukwaruze kidogo kwa ncha ya sindano. Bronzi itatoa rangi ya njano, na zinki itatoa kijivu cha fedha. Zinki pia ni nyepesi zaidi, mlio wake ukiigonga kwa kucha ni mzito usio na mwangwi, na ikivunjika huvunjika kwa chembechembe.

Swali la pili ni aina ya dhahabu. Katika njia ya zamani, dhahabu iliyeyushwa ndani ya zebaki hadi ikawa kama uji mzito, ikapakwa juu ya bronzi, kisha kitu kizima kikapashwa moto hadi zebaki ikapaa na dhahabu ikabaki imeshikamana na chuma. Uzuri wa kazi hiyo hauna mfano, na uchungu wake pia. Mafundi walivuta mvuke huo siku nzima, wakatetemeka mikono, wakapoteza meno, wakafa mapema. Ravrio, mtengenezaji mashuhuri wa bronzi wa Paris aliyefariki mwaka 1814, aliacha katika wosia wake faranga 3,000 ziwe zawadi kwa atakayebuni njia ya kuwakinga mafundi wa kupaka dhahabu, na mkemia d'Arcet akaipata kwa kubuni tanuri lenye bomba la kuvuta mvuke nje. Naona ni haki mwenye saa ya namna hii ajue ilivyogharimu.

Dhahabu ya zebaki utaitambua kwa mambo mawili. Mbele yake huwa na sehemu zisizong'aa, zenye uso laini kama wa unga, zikipakana na sehemu zilizosuguliwa kwa jiwe gumu hadi zikawaka. Na nyuma yake, upande usioonekana, bronzi imeachwa wazi, labda na matone machache ya dhahabu kwenye kingo. Njia ya umeme, iliyoanza kutumika kibiashara miaka ya 1840, hutumbukiza kitu kizima kwenye maji ya dawa, hivyo dhahabu huenea mbele na nyuma kwa usawa, na ni nyembamba zaidi.

Baadhi ya maganda hayana dhahabu kabisa. Zipo saa nyingi za mawe meusi ya Ubelgiji, zilizopendwa nusu ya pili ya karne ya 19, na zipo za mbao zilizofunikwa kwa magamba ya kasa na shaba iliyokatwa kwa nakshi, kwa mtindo wa seremala André-Charles Boulle aliyefariki mwaka 1732. Magamba hayo ni ya ng'amba, yule yule wa bahari yetu, ambaye magamba yake yalikuwa bidhaa ya pwani hii kwa karne nyingi. Leo biashara ya kimataifa ya ng'amba imezuiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, na hata kitu cha kale kinahitaji kibali kabla ya kuvuka mpaka. Uliza mamlaka ya wanyamapori kabla ya kulipa, si baada ya mzigo kukamatwa.

Kuna kundi jingine ambalo msomaji wa Kiafrika hawezi kulipita kimya. Mwishoni mwa karne ya 18 Paris ilipenda saa zenye sanamu za watu weusi, za bronzi iliyotiwa weusi na kuvishwa dhahabu. Jean-Simon Deverberie, mtengenezaji wa bronzi wa Paris, alisajili mwaka 1799 michoro ya saa hizo, mmojawapo ukiitwa Afrika, unaoonyesha mwindaji wa kike mwenye upinde. Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1794, na Napoleon akaurudisha mwaka 1802. Saa hizo huuzwa kwa bei kubwa sana, na jumba la makumbusho la François Duesberg mjini Mons, Ubelgiji, lina mkusanyiko wake mashuhuri. Ufundi wake ni wa daraja la juu, lakini mtu aliye juu ya saa hana jina wala kwao. Ni ndoto ya Paris kuhusu Afrika. Anayeinunua ainunue akijua hivyo, na anayeiandikia maelezo ayaandike wazi.

Uso wa saa

Uso mweupe wa saa hizi ni enameli iliyochomwa juu ya bamba la shaba nyekundu. Uangalie kwa mwanga wa pembeni. Nyufa nyembamba kama unywele ni za kawaida na hazipunguzi sana thamani, ila uchakavu kwenye matundu ya ufunguo uliofunikwa kwa rangi au plasta ni wa kuhesabiwa katika bei. Jina lililoandikwa usoni mara nyingi ni la aliyeiuza dukani, wala si la aliyeitengeneza. Ukikuta jina kubwa kama la Breguet, mtengenezaji saa mashuhuri wa Paris, rudi mgongoni ukathibitishe, maana jina hilo limeghushiwa tangu Breguet mwenyewe akiwa hai.

Kuisimika

Hapa ndipo saa nyingi zisizo na kasoro yoyote hutangazwa kuwa mbovu. Mtu anaiweka mezani, anaitia ufunguo, inatembea dakika tano, inasimama, naye anaamua kwamba imekufa. Kumbe haikukaa sawa.

Chagua mahali imara: rafu iliyofungwa ukutani au kabati zito lisilotikisika mtu anapopita. Jua lisiifikie, wala upepo wa kiyoyozi. Tumia pimamaji ya mafundi ujenzi kuhakikisha kitako kimelala sawa kulia na kushoto. Kisha angika pendulamu, ukihakikisha kijiti chake kimepita ndani ya uma ulio nyuma ya mtambo, maana uma huo ndio unaoisukuma; ukikosea hapo, pendulamu itayumba peke yake kisha itachoka. Sukuma pendulamu kidogo upande mmoja, iache, kisha ufumbe macho na usikilize.

Saa iliyokaa sawa hulia tik na tak kwa nafasi zilizolingana. Iliyopinda hulia mara mbili haraka, ikanyamaza, ikalia tena mara mbili, kama mtu anayechechemea. Chukua kadi ngumu, iingize chini ya kitako upande wa kushoto, usikilize. Ikizidi kuchechemea, ihamishie kulia. Ongeza kadi moja moja hadi mlio ulingane, kisha kumbuka ni upande gani ulionyanyuliwa, kwa sababu huko ndiko marekebisho yataelekea.

Kuiacha saa juu ya kadi si suluhisho la kudumu. Njia ya upole kuliko zote ni kuuzungusha mtambo wenyewe ndani ya ganda: legeza kidogo skrubu mbili za nyuma zinazokaza pete ya mbele na ya nyuma, shika pete ya mbele, uizungushe kwa kiasi kidogo sana huku ukisikiliza, kisha ukaze. Ikiwa uso wa saa utaonekana umepinda, namba XII isikae juu katikati, basi rekebisha uma. Katika baadhi ya saa uma umekazwa kwa msuguano tu kwenye ekseli yake, na ukiusukuma polepole unateleza. Katika nyingine lazima upindwe kidogo. Kanuni ni moja kwa zote: uma uelekezwe upande ule ule ulionyanyuliwa kwa kadi. Shika sehemu ya juu ya uma kwa vidole vya mkono mmoja wakati mkono mwingine unapinda sehemu ya chini, ili nguvu isiifikie ekseli, ambayo ncha zake ni nyembamba na hukatika.

Kuitia ufunguo na kupanga mishale

Tumia ufunguo unaoingia barabara. Ulio mkubwa hula kingo za mhimili, na mwisho hakuna ufunguo utakaoshika. Ukilitazama uso wa saa, tundu la kulia kwa kawaida ni la mwendo na la kushoto ni la mlio. Jaribu kwa upole kujua kila moja linazungukia wapi, na usiuachie ufunguo kwa ghafla. Subiri usikie kizuizi kikishika ndipo ulegeze mkono.

Imani iliyoenea kwamba saa imeharibika kwa kutiwa ufunguo kupita kiasi haina msingi. Kamani imeundwa kujazwa hadi mwisho. Saa iliyojaa isiyotembea ina mafuta yaliyoganda, uchafu kwenye mashimo ya ekseli, au haikukaa sawa. Saa za Paris hutembea siku nane na zaidi, nyingi zikifika wiki mbili, lakini nakushauri uitie ufunguo kila wiki siku ile ile, kwa kuwa nguvu ya kamani inapopungua mwendo nao hubadilika.

Mshale wa dakika usogezwe mbele tu, na katika kila nusu na kila saa kamili usimame hadi mlio umalizike. Ikiwa saa yako ina gurudumu la kuhesabia lililo nje, mlio unaweza kupishana na mishale, kwa mfano ikagonga tano wakati mshale unaonyesha nane. Usihangaike kuizungusha usiku kucha. Mshale wa saa umebanwa tu kwenye bomba lake, hivyo unaweza kuusogeza kwa kidole hadi ulingane na mlio, kisha upange dakika. Njia nyingine ni kuunyanyua kwa ncha ya kidole ule mkono mdogo unaoegemea gurudumu la kuhesabia. Saa itagonga hatua inayofuata, nawe utarudia hadi ufike unapotaka.

Kurekebisha mwendo, na kwa nini saa ya Paris huchelewa kwetu

Pendulamu ya milimita 122 hupiga takribani mara 10,000 kwa saa moja, na badiliko la milimita moja tu katika urefu wake hubadilisha mwendo kwa karibu dakika sita kwa siku. Ndiyo maana marekebisho hufanywa kwa kiasi kidogo. Katika mfumo wa Brocot, ingiza ncha nyembamba ya ufunguo kwenye tundu la juu ya XII. Herufi A na R zilizoandikwa hapo ni za Kifaransa, A ikiwa ya kuharakisha na R ya kuchelewesha. Saa zilizopelekwa Uingereza huandikwa F na S kwa maana hizo hizo. Zungusha robo mzunguko, subiri siku nzima, andika tofauti, ndipo uzungushe tena.

Hata ikiwa saa ilikuwa sahihi kabisa huko Ufaransa, tarajia ichelewe ikifika Afrika Mashariki. Nguvu ya mvutano wa dunia ni ndogo zaidi karibu na ikweta, na pendulamu huyumba polepole zaidi. Mwanaastronomia Mfaransa Jean Richer aliligundua hilo mwaka 1672 huko Cayenne, Amerika Kusini, karibu na ikweta, alipoona saa yake ya pendulamu iliyopangwa Paris inachelewa kwa zaidi ya dakika mbili kila siku. Kwa hesabu hiyo hiyo, saa ya Paris itachelewa kama dakika mbili kwa siku ikiwa Dar es Salaam au Unguja, na karibu dakika mbili na nusu Nairobi, ambako mwinuko nao huongeza athari. Fundi asiyelijua hili anaweza kuifungua saa nzima akitafuta ugonjwa usiokuwepo, ilhali dawa yake ni kuifupisha pendulamu kwa chini ya nusu milimita.

Kusafisha bila kuharibu

Dhahabu ya saa hizi ni nyembamba sana, na ikishatoka hairudi ila kwa gharama kubwa. Dawa za kung'arishia shaba zina chembe zinazosugua, nazo huitoa. Ndimu, ukwaju na majivu, ambavyo ni vizuri kwa sinia na birika za shaba, ni maangamizi hapa, na amonia vilevile. Vumbi liondolewe kwa brashi laini ya rangi iliyo safi na kavu. Uchafu ulioganda unahitaji sehemu itolewe kwenye saa, kisha isafishwe kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, ikiwa imelowanishwa kidogo kwa maji yaliyokenekwa yenye tone la sabuni isiyo kali. Maji hayo ni yale yanayouzwa kwa kuongeza kwenye betri za magari; hakikisha hukupewa yale makali, ambayo ni asidi. Pitisha pamba nyingine yenye maji matupu, kausha mara moja kwa kitambaa laini, na usiruhusu unyevu uingie kwenye matundu ya skrubu. Vaa glavu za pamba, kwa kuwa jasho la vidole huacha alama.

Kwa wanaokaa pwani, hewa ya chumvi ni adui wa kila siku. Utepe wa chuma wa pendulamu na kamani hushikwa na kutu kabla ya kitu kingine chochote. Saa nyingi za dhahabu ziliuzwa zikiwa chini ya kuba la kioo juu ya kitako cha mbao. Ikiwa kuba lako lipo, litumie, na ikiwa limevunjika, kabati la kioo lenye mlango unaofunga vizuri hufanya kazi hiyo. Vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu na vifaa vya umeme vinafaa kuwekwa nyuma ya saa, mradi visiguse mtambo.

Mafuta, na kazi ya fundi

Mafuta ya saa ni ya pekee, nayo hutiwa tone dogo mno kwenye mashimo ambamo ncha za ekseli huzunguka. Meno ya magurudumu hayatiwi mafuta kamwe, kwa kuwa mafuta hushika vumbi na vumbi hula shaba. Mafuta ya cherehani, ya nazi au ya kupulizia kutoka kwenye kopo huonekana kuifufua saa kwa wiki chache, kisha huganda na kuacha gundi. Kuongeza mafuta mapya juu ya machafu ni kutengeneza unga wa kusagia.

Usifungue mtambo mwenyewe. Kamani iliyojaa ina nguvu ya kuvunja kidole, na ikiachiwa bila kufuata utaratibu husaga meno ya magurudumu yote kwa sekunde moja. Mpelekee fundi saa aliyezoea mitambo ya kamani na pendulamu, si yule wa saa za mkononi za betri tu, na kabla ya kumwachia muulize maswali matatu: atailegeza vipi kamani, atausafisha mtambo ukiwa umefunguliwa kipande kwa kipande au ataupulizia tu, na je, atakurudishia vipande vya zamani atakavyobadilisha? Anayejua kazi yake atajibu bila kusita. Mwambie pia, kwa maandishi, kwamba ganda lisisuguliwe. Piga picha za bamba la nyuma, pendulamu, kengele na chini ya sanamu kabla saa haijatoka nyumbani, uandike namba zote mahali pamoja, na siku ya kuichukua ulinganishe namba moja baada ya nyingine mbele ya fundi kabla ya kulipa.